Maneno ya Mama Niliyoyameza

Ningemkatalia babu. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, nikiwa shambani, nikiwa kwenye basi la Kasulu, nikiwa kanisani wenzangu wanaimba, na kila mara nafika palepale. Asubuhi ile aliponishika bega nyuma ya ghala la mahindi akaniambia, "Huko hospitali watauliza habari za sindano. Wewe ndiye mdomo wa mama yako. Sema hakuna," ningemjibu, "Babu, hapana." Nilikuwa na miaka kumi, labda kumi na mmoja. Nikasema, "Ndiyo, babu." Niliitika haraka, hata hakuhitaji kurudia.

Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza binti yangu kumpeleka mwanawe hospitali. Mtoto alikuwa na vipele na kifua kinachobana. Daktari, msichana wa umri wa wajukuu wangu, alimpangusa mkono kwa pamba yenye spiriti ili amtoe damu, na harufu ile ikanikuta nimekaa kwenye benchi. Kisha akamuuliza binti yangu, "Kuna dawa iliyowahi kumdhuru huyu mtoto?" Binti yangu akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake mwenyewe, na hapakuwa na mtu katikati yao. Nilinyanyuka nikatoka nje. Walidhani nimechoka kukaa.

Kwetu ni milimani, upande wa Kibondo, na zamani zile mama zetu wengi hawakujua Kiswahili. Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka hali hiyo. Kiha kilikuwa cha nyumbani na shambani, Kiswahili kilikuwa cha shule, soko na ofisi. Mama alipokuwa na shida mahali penye Kiswahili, alinichukua mimi. Baba alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge, na barua zake nilizisoma mimi, nikazigeuza Kiha sentensi moja baada ya nyingine huku mama ameacha kuchambua maharage anisikilize. Nilikuwa darasa la nne. Nilijiona mtu mkubwa sana. Mama alikuwa akisema mbele za watu, "Huyu ndiye mdomo wangu," na mimi ninanyoosha shingo.

Babu naye alikuwa amefanya kazi kwenye mkonge katika ujana wake, ila yeye hakukata majani. Alifagia zahanati ya shamba. Alikaa na ufagio wake miaka kadhaa akiwaangalia waganga, na aliporudi nyumbani alirudi na kiboksi cha bati, ndani yake bomba la kioo la sindano na sindano mbili, na mwendo wa mtu aliyeona dunia. Vichupa vya penisilini alivipata anakojua yeye. Watu walimwita Dokta. Walitoka vijiji vya jirani na majipu yao, na vidonda vyao vya jembe, wakapanga mstari uani kwetu. Lazima niseme ukweli kwamba wengi walipona. Alichemsha sindano kwenye sufuria yake ndogo ambayo haikupikiwa kitu kingine, akapangusa ngozi kwa spiriti, na harufu ile kwangu ilikuwa harufu ya heshima ya nyumba yetu.

Mama hakumwita Dokta. Hakumwita chochote. Kwa desturi yetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake, hamwangalii usoni, wala hapiti mbele yake akiwa ameketi. Ilipobidi amtaje alisema "mwenye kaya". Akiwa na neno la kumwambia alinituma mimi, hata kama wote wawili walikuwa uani na kila mmoja anasikia sauti ya mwenzake. "Mwambie mwenye kaya kuni zimekwisha." Nilimgeukia babu, hatua nne tu, nikasema, "Babu, kuni zimekwisha." Naye anajibu, "Mwambie nimesikia." Nilikuwa mdomo wa mama hata pale ambapo lugha ilikuwa moja.

Mdogo wangu Skola alikuwa na miaka minne. Mara ya kwanza babu alimchoma sindano kwa kidonda cha mguu, na kidonda kikakauka vizuri. Mara ya pili ilikuwa wakati wa kuvuna mahindi, kwa ajili ya kikohozi. Babu hakuwa amemaliza kufunga kiboksi chake, Skola akaanza kujikuna viganja. Midomo ikavimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, macho yakafunga, mwili ukajaa mabaka, akatapika maziwa yote. Tulijaa hofu. Babu alikaa kwenye kigoda chake akimtazama kwa utulivu kabisa.

"Msiogope," akasema. "Ugonjwa unatoka. Si mnaona unavyotokea kwenye ngozi?"

Na kweli, kabla jua halijazama mabaka yalikuwa yamekwisha na Skola anakimbiza kuku. Nilimwamini babu kuliko nilivyomwamini mwalimu. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba kwetu ugonjwa unatolewa mpaka unauona kwa macho. Nilikuwa nimeona uvimbe, nikauita uponyaji, na hakuna mtu mzima aliyenisahihisha. Ila tangu siku hiyo, kila babu alipoteremsha kile kiboksi kutoka darini, mama alimbeba Skola mgongoni akaenda kisimani, hata kama mtungi ulikuwa umejaa.

Kisha goti la Skola likavimba. Lilikuwa la moto, limekaza ngozi hadi linang'aa, na mtoto hakukubali liguswe. Homa ikampanda. Siku ya tatu babu akainuka kwenda kuchukua kiboksi. Mama akaniita, akasema kwa sauti ambayo sikuizoea, "Mwambie mwenye kaya naomba ruhusa nimpeleke mtoto hospitali."

Niligeuka nikasema. Babu alirudi akaketi kwenye kigoda chake. Heshima yake ilikuwa imeguswa mbele ya watu wawili waliokuwa wakisubiri sindano.

"Mwambie aende," alijibu mwishoni.

Kesho yake asubuhi ndipo aliponivuta nyuma ya ghala. Aliniambia mtu mmoja wa kijiji cha pili alikuwa amefungwa kwa kuchoma watu sindano bila cheti. "Mimi ni mzee," alisema. "Nikiingia jela sitoki." Nikakubali, kama nilivyosema.

Tulipata lori la maharage lililokuwa linaelekea Kasulu, likatushusha hospitalini mchana. Langoni alisimama mlinzi aliyevaa kaki, na mimi nikadhani ni polisi. Kwa hiyo niliingia pale nikiwa nimekwisha kuamua kwamba nyumba ile ilikuwa mtego, na kazi yangu ni kumpitisha babu salama katikati yake.

Daktari alikuwa mrefu, mtu wa pwani, na Kiswahili chake kilinifanya nikionee aibu changu. Alimlaza Skola, akapima homa, akamfunua macho, akamwangalia koo, akamsikiliza kifua. Kisha akaligusa goti moja, akagusa la pili, akarudia la kwanza, kama mtu anayelinganisha maembe sokoni.

"Wewe ndiye mkalimani?"

"Ndiyo, daktari."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne."

"Basi leo wewe ni profesa. Sikiliza, profesa. Goti linaweza kuvimba kwa sababu nyingi, lakini mimi nahangaika na tatu. Moja, vijidudu vimeingia, kuna usaha ndani. Mbili, hakuna kijidudu, ni mwili wenyewe umekosea unajipiga kwenye maungo. Tatu, kuna kitu mwili hautaki, chakula au dawa au mdudu, unavimba kwa kukikataa. Kwa nje vyote vinafanana. Ndiyo maana nauliza sana. Mwambie mama asinichoke."

Nilimwambia mama yote hayo, na niliyatafsiri vizuri. Mama akaitikia kwa kichwa polepole. Daktari akauliza mtoto ameumwa lini, ameanguka, amewahi kuumwa koo, nani mwingine nyumbani ana uvimbe. Mama alijibu, nami nilitafsiri kila kitu bila kupunguza. Kisha akaingiza sindano kwenye goti, Skola akapiga ukelele, na ndani ya bomba ukaja usaha wa njano. Daktari akaunyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"La kwanza ndilo lenyewe," akasema. "Sasa dawa tunayo. Lakini kabla ya hapo, profesa, uliza vizuri hili. Mtoto huyu amewahi kuchomwa sindano ya penisilini? Na kama alichomwa, baada yake alivimba, au aliwashwa, au alitapika?"

Akachukua kadi, akafungua kalamu, akasubiri. Niliiangalia kalamu ile. Nilifikiri kadi ile inatoka pale inakwenda kwa yule wa kaki langoni.

Nikamuuliza mama kwa Kiha, na nilimuuliza sawasawa. Sikujua kwamba angejibu. Nilidhani heshima ya baba mkwe ingemfunga mdomo, na mimi ningekuwa nimetafsiri kimya tu. Mama aliniinamia, akasema kwa sauti ya chini lakini bila kusita. "Mwambie ndiyo. Mara mbili, nyumbani. Ya pili uso ulivimba mpaka macho yakafunga, akajikuna, akatapika. Mwambie mimi niliona kwamba ni sindano, si ugonjwa. Aliyemchoma usimtaje, sema ni mtu mzima wa nyumbani. Lakini mengine mwambie yote, mwanangu."

Alikuwa ameruka ukuta ambao hakuwahi kuuruka tangu aolewe, na alikuwa ameniachia mlango wa kumlinda babu. Nilichotakiwa ni kupita tu.

"Mama anasema hajawahi kuchomwa sindano," nikasema.

Daktari akainua macho. "Maneno yote yale, na tafsiri yake ni hiyo tu?"

"Kiha kina maneno mengi, daktari."

Akacheka. Sista aliyekuwa pembeni akacheka pia. Nami nikacheka, kwa kuona nimewaweza.

Sista alipokuja na bomba, mama alimvuta Skola kifuani, akamfunika paja kwa kanga. Alinitazama. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote. Amesema hii ni tofauti na ile ya nyumbani."

Neno hilo la pili hakuna aliyenituma kulisema. Nililitunga mwenyewe. Mama alivuta pumzi, akaondoa kanga, akalishika paja la mtoto ili asicheze, akamsogezea sista. Mikono iliyomshika Skola ilikuwa ya mama, na ilimsogeza kwa sababu yangu.

Haikuchukua muda. Skola alianza kukuna viganja. Nilipoona mikono ile inakunana, nilizijua hatua zinazofuata kuliko mtu yeyote chumbani isipokuwa mama. Midomo. Macho. Lakini safari hii ikaja sauti ambayo nyumbani haikuwepo, mluzi kila anapovuta hewa, kisha mluzi ukawa mwembamba, kisha kichwa kikalala upande. Sista aliita. Daktari alikuja akikimbia na mkia wa koti lake ukapeperuka. Wakamchoma sindano nyingine, wakainua miguu ya kitanda kwa matofali, wakatafuta mshipa wa dripu kwenye mkono mdogo ambao ulikuwa umevimba hauonekani. Mama alisukumwa ukutani. Hakulia. Alikuwa anasema kitu kimoja kwa Kiha, anakirudia, na pale ndani aliyekielewa ni mimi tu. "Nilisema. Nilisema. Nilisema."

Mhudumu mmoja wa wodi alisikia kutoka mlangoni, akiwa na ndoo ya kudekia. Alikuwa mama wa asili ya Burundi, wa siku nyingi hapo, na Kirundi chake na Kiha chetu vinasikilizana kabisa. Akaweka ndoo chini.

"Ulisema nini, mama?" akamuuliza.

Mama akamwambia. Mhudumu akafuta mikono kwenye aproni, akamgeukia daktari aliyekuwa bado ameinama kitandani. "Daktari, huyu mama anasema alieleza yote. Mtoto alichomwa mara mbili nyumbani, ya pili akavimba hivihivi. Anasema alimwambia kijana wake."

Daktari hakugeuka. Alikuwa anahesabu pumzi za Skola. Alisema tu, "Kiha kina maneno mengi."

Mama ndiye aliyegeuka. Nimepigwa na watu katika maisha yangu, nimetukanwa, nimefukuzwa kazi mara moja kwa haki kabisa, lakini sijatazamwa tena vile. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura hii aliiona wapi.

Sijui tulikaa muda gani. Najua mluzi ulirudi, nami sikuwahi kufikiri kwamba mluzi wa kifua unaweza kuwa sauti nzuri. Kisha ukapungua. Uvimbe wa macho ukaanza kushuka, kukaonekana mstari mweusi wa kope, halafu mboni. Skola akatuangalia wote tuliomzunguka kwa uchovu na kisirani, akasema, "Nataka uji."

Mhudumu akasema, "Huyo amerudi."

"Wa sukari," Skola akaongeza.

Hapo ndipo mama alipokaa chini sakafuni akalia, na sista naye akageukia dirishani. Nimesikia habari njema nyingi tangu siku hiyo, za kuzaliwa watoto, za kufaulu mitihani. Hakuna iliyonishusha mabega kama neno lile uji. Nilikwenda nyuma ya jengo nikatapika, nikarudi, nikamkuta anakunywa kwa kijiko na kulalamika kwamba ni wa moto.

Jioni daktari aliniita mezani kwake. Nilikwenda nikijua nafungwa. Alinipa ile kadi, akaniambia nisome alichoandika kwa wino mwekundu. Nikasoma: Mtoto huyu asichomwe penisilini maisha yake yote. Akaniambia nisome tena. Nilisoma mara tatu.

"Nani alikutuma useme hapana?" akauliza.

Nikaikodolea macho kadi.

"Basi mwambie hivi. Mimi sina haja ya kumfunga mtu. Nilikuwa na haja ya jibu." Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma, "Umri wako mimi pia nilidanganya watu wazima. Wewe umebahatika, dada yako amekusubiri."

Tulikaa hospitalini majuma matatu. Goti lilipasuliwa, likasafishwa, dawa nyingine ikapatikana, na Skola akaanza kuruka kwa mguu mmoja wodini akiwasumbua wagonjwa. Mchana mama alikwenda kuanika nguo pamoja na yule mhudumu, nami niliwaona kwa mbali midomo yao ikicheza. Mhudumu anasema, mama anarudia. Mhudumu anacheka, anamsahihisha, mama anarudia tena. Niliposogea waliacha. "Kamwangalie mdogo wako," mama aliniambia.

Nilikuja kuelewa tulipofika nyumbani. Babu alikuwa kwenye kigoda chake. Mama alipiga magoti mbele yake, macho chini kama inavyotakiwa, akaweka kadi kwenye mkeka. Babu hakujua kusoma. Akanigeukia mimi, kama kawaida. "Soma."

"Asisome," mama alisema.

Na akasema mwenyewe, kwa Kiswahili, bila kuangalia kadi, kila neno limekaa mahali pake: "Mtoto huyu asichomwe penisilini maisha yake yote." Kisha kwa Kiha, akimwambia babu moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu aingie katika kaya ile, "Alikufa mikononi mwangu, mwenye kaya. Akarudishwa."

Babu aliangalia kadi, akamwangalia Skola aliyekuwa anamvuta mbuzi mkia. "Nimesikia, binti yangu," akasema, naye hakupitisha kwangu. Siku iliyofuata alikichukua kile kiboksi akakifukia yeye mwenyewe shambani, na watu waliokuja na majipu aliwaelekeza njia ya hospitali. Alipokufa alikuwa amesamehewa na wote, na Skola ndiye aliyemlilia kuliko sisi.

Skola yupo. Anaishi Titye, ana watoto sita na wajukuu ambao sijawahesabu vizuri, na akiingia hospitali yoyote jambo la kwanza kusema, kabla ya salamu, ni kwamba yeye hachomwi penisilini. Nikimwona anatembea na ndoo kichwani, goti lake lile likikunjika bila shida, mwili wangu wote unapumua. Nimemweleza kisa hiki mara nyingi. Yeye hucheka, husema hakumbuki chochote ila uji.

Lakini mama alianza kwenda kujifunza kusoma na watu wazima, mwaka uleule. Barua za baba alimpelekea katekista. Sokoni alibishana kwa Kiswahili chake kilichovunjika, wauzaji wakamcheka, naye akaendelea. Mimi nilisoma mpaka sekondari, nikafanya kazi ya ukarani, nikaandikia barua watu wa wilaya nzima, na mama hakuniomba hata moja. Alipougua ule ugonjwa wa mwisho nilimpeleka Kasulu, na daktari alipoanza kuuliza maswali, mama aliniambia nikae nje, akamwita Skola aingie naye. Alinipikia, aliniombea, alimpa mwanangu wa kwanza jina. Alinipenda hadi alipokufa. Lakini hakuniamini tena kwa neno lake hata moja, na hilo ndilo nililolipoteza siku ile kwa kumwambia babu ndiyo.